Haba na Haba Hujaza Betri

Ukitaja Afungi mbele ya watu hapa Dar es Salaam, ninakosoma Kiswahili, neno la pili watakalolitaja ni gesi. Hawakosei. Rasi yetu, iliyo katika wilaya ya Palma kaskazini mwa Cabo Delgado, imejulikana duniani kwa sababu ya gesi iliyogunduliwa baharini mbele yake mwaka 2010. Kiwanda kinachojengwa pale kimekusudiwa kutoa takriban tani milioni 13 za gesi ya kimiminika kila mwaka. Mimi nimezaliwa katika rasi hiyo, lakini insha yangu inahusu kitu kidogo zaidi: swichi nyeusi iliyo ukutani nyumbani kwa mama yangu, iliyoandikwa namba 15, na swali tulilolijadili kwa simu karibu mwezi mzima. Je, swichi ile inaweza kubeba bajaji ya umeme?

Kwanza nieleze swali lilitoka wapi. Familia yetu ilikuwa ya Milamba, kijiji cha wavuvi kilichokuwa ufukweni kabisa. Eneo lilipochukuliwa kwa ajili ya mradi, tulihamishiwa Quitunda, kijiji kipya kilichojengwa ndani zaidi. Nyumba ni imara, ina vyumba vitatu, na kwa mara ya kwanza mama alipata mita ya umeme yake mwenyewe. Bahari, hata hivyo, ilibaki kule kule. Mvuvi aliyezoea kutoka mlangoni na kukanyaga mchanga wenye maji sasa anahitaji chombo cha kumfikisha pwani, na chombo kingine cha kuwafikisha samaki sokoni Palma kabla jua halijawaharibu.

Kisha yakaja yale ya tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa. Tulikimbia kwa mashua hadi Pemba, na mradi ukasimamishwa mwezi uliofuata. Wengi wetu tulirudi kidogo kidogo, kwa sababu nyumba na makaburi viko pale. Novemba 2025 kampuni ya TotalEnergies ilipotangaza kuondoa zuio la dharura lililoufunga mradi tangu 2021, watu wa Quitunda walianza tena kupiga hesabu za kazi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na fedha kidogo alizoziweka tangu tulipohama, na alikuwa ameona kwenye simu picha za bajaji za umeme zinazotembea Dar es Salaam. Akanipigia.

"Mwanangu, wewe uko huko huko. Niangalizie bei. Petroli hapa tunanunua kwa chupa kama dawa ya kikohozi. Nikiwa na kile chombo nitakichaji kwa mama yako usiku, asubuhi nakwenda pwani, mchana nawapeleka samaki Palma."

Nilimwamkia, nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamwahidi nitauliza. Bei niliipata siku ile ile. Kilichochukua muda ni hilo neno alilolipitia haraka: nitakichaji kwa mama yako.

Jirani yetu wa Sinza, dereva mwenye bajaji ya namna hiyo, alinieleza kwamba betri yake hubeba kama uniti 8 za umeme. Chaja yake huvuta wati 1,500, kwa hiyo kuijaza kutoka chini, pamoja na umeme unaopotea kama joto njiani, huchukua karibu saa sita. Anaishi katika nyumba ya wapangaji sita wanaotumia mita moja ya LUKU. Mwezi wa kwanza alioileta bajaji, uniti zilizokuwa zikitosha wiki mbili ziliisha kwa siku tano, na kikao kikaitishwa uani kabla hajamaliza kufunga mlango. Isitoshe, kwa mteja mdogo wa TANESCO aliye katika daraja la matumizi ya nyumbani, uniti 75 za mwanzo za mwezi huuzwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi hapo huuzwa shilingi 350. Bajaji inayokula uniti 8 kwa siku inazimaliza zile 75 ndani ya siku kumi. Jirani yangu alimaliza ugomvi kwa kufunga mita ndogo kwenye waya wa chaja yake, ili kila mtu aone anachokula. "Umeme wa kushirikiana," aliniambia, "ni kama sufuria moja bila upawa wa kugawia."

Hilo nililiandika daftarini. Kisha nikaanza kuihesabu nyumba ya mama.

Ile swichi yenye namba 15 kwetu tunaiita kwa Kireno disjuntor. Hapa Dar mafundi huiita sakiti breka. Kazi yake ni kukata umeme ukizidi kiasi fulani, ili waya zisiungue ndani ya ukuta. Namba 15 ni ampea. Ukizidisha ampea 15 kwa volti 220 unapata wati 3,300, na hicho ndicho kipimo cha nyumba nzima. Mama hawezi kukizidi hata akinunua umeme wa fedha nyingi namna gani, kwa kuwa anachonunua kwenye mita ni ujazo wa maji, na breka ni upana wa bomba.

Ndani ya nyumba ile kuna taa sita za wati 9, televisheni ya wati 80, feni ya wati 60 na friza ya wati 200. Vyote pamoja havifiki wati 400. Pasi peke yake ni wati 1,200, na birika la kuchemshia maji ni wati 2,000. Ndiyo maana mama, bila kufundishwa na mtu, alikuwa na sharia yake tangu tulipohamia: anayepiga pasi asiguse birika. Alikuwa ameupata mpaka wa nyumba yake kwa masikio, kwa kusikia ile swichi ikidondoka ta!

Weka sasa chaja ya wati 1,500. Pamoja na vitu vidogo inafika karibu 1,900, na kwenye karatasi nyumba bado inapumua. Lakini birika haliwezi tena kuingia, maana jumla itafika 3,900. Tena karatasi haisemi yote. Birika huvuta umeme mwingi kwa dakika tano kisha likanyamaza. Chaja huvuta kwa saa sita mfululizo. Soketi iliyolegea, ambayo kwa birika huwa vuguvugu tu, kwa saa sita inaweza kuyeyuka. Joto la waya nalo haliongezeki sawa na umeme unaopita: ukizidisha umeme mara mbili, joto huzidi mara nne. Ndiyo sababu fundi mmoja alinikataza kabisa habari ya kuchaji kwa waya wa ekstensheni uliokunjwa kama kamba ya mashua, kwa kuwa joto la kila mkunjo hukosa pa kutokea.

Jambo jingine ni volti. Jioni, watu wote wakiwasha, umeme wa mwisho wa laini hushuka. Kwetu taa huwa za njano, feni ikazunguka kama iliyochoka. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 180, chaja nyingi za kisasa hazipunguzi mahitaji yao. Huvuta ampea zaidi ili zipate wati zile zile, kutoka karibu 7 hadi zaidi ya 8. Wakati huo huo mota ya friza, ambayo kila inapoanza huhitaji kwa nukta moja umeme mara kadhaa ya kawaida yake, inashindwa kuanza vizuri na inajichosha. Mzigo mpya unauongezea udhaifu mzigo wa zamani.

Friza ndiyo iliyofanya jambo hili liwe zito. Kwa wengine friza ni samani. Kwa mama ni duka. Hununua samaki wa bei nafuu siku wanapopatikana wengi, huwagandisha, na huwauza siku bahari ikichafuka. Barafu pia huuza, kwa wavuvi hao hao. Mwaka juzi tulikwenda msibani tukalala huko, na usiku ule breka ikadondoka bila mtu wa kuirudisha. Tuliporudi siku ya pili alikuta maji yanatiririka sakafuni na karibu kilo thelathini za changu na tasi haziliki. Hakulia. Aliosha friza kwa ndimu, akakaa wiki mbili bila biashara.

Kwa hiyo nilipompigia kumweleza wazo la mjomba, alinyamaza kwanza.

"Kaka yangu ni mkubwa wangu," alisema, "na pwani anakwenda kwa miguu, naona kwa macho yangu. Lakini bajaji yake ikiangusha umeme usiku, samaki watakaooza ni wa nani?"

Sikuwa na jibu la heshima. Katika ukoo wetu neno la mjomba lina uzito, na mama asingependa kuonekana anamnyima kaka yake soketi. Mjomba naye asingependa kuonekana anakula riziki ya dada yake. Ampea 15 zilikuwa zimewaweka ndugu wawili pande mbili za swichi moja, na wote wawili walikuwa na haki.

Nikaenda kuuliza zaidi, safari hii kwa mwanafunzi mwenzangu wa uhandisi. Yeye alinitoa nje ya nyumba ya mama akanipeleka kwenye transfoma. Tuchukue mfano, alisema, wa transfoma ya kilovolti-ampea 100 inayolisha nyumba 60, kila moja ikiwa na breka kama ya mama. Ukizidisha, haki ya nyumba zote ni karibu 198, yaani mara mbili ya uwezo wa transfoma. Shirika lolote la umeme hufanya hivyo, kwa sababu linajua watu wote hawachemshi maji dakika moja. Mmoja anapiga pasi, mwingine amelala, wa tatu hayupo. Bajaji, pikipiki na magari ya umeme hubadilisha desturi hiyo, kwa kuwa madereva wote hurudi nyumbani jioni, na wote huchomeka plagi saa ile ile taa na televisheni zinapowashwa. Bajaji ishirini za wati 1,500 ni kilowati 30 juu ya mzigo wa magharibi, na hazizimwi mpaka usiku wa manane. Jirani asiye hata na baiskeli ataiona taa yake ikififia.

Nchi nyingine zimeshakutana na jambo hili. Uingereza, ambako fyuzi kuu ya nyumba huwa ya ampea 60, 80 au 100, chaja ya kawaida ya gari ya nyumbani huvuta ampea 32, yaani mara mbili ya nyumba nzima ya mama yangu. Hata huko, tangu 2022 sheria inataka chaja mpya za nyumbani ziwe za kujipangia muda, zikwepe saa za jioni. Kenya mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, yenye nafuu kubwa zaidi saa ambazo watu wamelala. Ethiopia ilipozuia mwaka 2024 kuingiza magari ya petroli na dizeli, wenye magari ya umeme wa Addis Ababa wengi walijikuta wanategemea soketi za nyumbani kwao. Na Kigali kampuni ya Ampersand iliamua kuivuka nyumba kabisa: dereva wa pikipiki anafika kituoni, anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Mzigo wote unabaki kituoni, penye waya mnene.

Nilipokuwa nikisoma hayo nilikuwa nikiifikiria Cahora Bassa. Bwawa lile la mto Zambezi, katika mkoa wa Tete, lina uwezo wa megawati 2,075, na sehemu kubwa ya umeme wake imekuwa ikiuzwa Afrika Kusini kupitia laini ndefu iliyojengwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2007 Msumbiji ilipochukua hisa kubwa za bwawa hilo kutoka kwa Ureno, nchi ilisherehekea, na ilikuwa na haki ya kusherehekea. Lakini megawati za bwawa ni jambo moja na ampea za ukutani ni jambo jingine. Katikati yake kuna laini, vituo, nguzo, transfoma na waya wa mwisho unaoingia darini, na kila kimoja kina wembamba wake. Hofu yangu kuhusu gesi ya Afungi ni hiyo hiyo. Watu wanatuuliza kama tutafaidika nayo, nasi tunajibu kwa maneno makubwa ya ajira na maendeleo. Mimi ningependa tuwe na swali dogo linalopimika: miaka kumi baada ya meli ya kwanza kuondoka, breka ya Quitunda itakuwa imeandikwa namba ngapi?

Swali la mjomba, hata hivyo, halikuweza kungoja miaka kumi. Nilimwandikia hesabu yote kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, nikaipiga picha na kuituma. Kazi ile ilinifunza kuliko mtihani wowote wa tafsiri. Ilibidi kila neno liwe lile ambalo mvuvi na muuza samaki wangelielewa mara moja: waya, uniti, mzigo, saa. Jioni ya Ijumaa walikaa wote sebuleni kwa mama, mimi nikiwa kwenye simu iliyowekwa juu ya mkeka.

Mama ndiye aliyetoa masharti. Chaja isichomekwe kwenye soketi yoyote iliyopo. Ivutiwe waya wake wa milimita 2.5 za mraba moja kwa moja kutoka kwenye breka kuu, iwe na breka yake ndogo ya ampea 10 na waya wake wa ardhini, ili yakitokea makosa ianguke ile ndogo na friza iendelee. Iwekwe mita ndogo, na mjomba alipe uniti zake kila Alhamisi. Kuchaji kuanze saa nne usiku na kwishe saa kumi alfajiri, kabla ya watu kuamka kuswali na kugombea birika. Saa sita kwa wati 1,500 ni uniti 9, zinazotosha betri yake. Haba na haba hujaza kibaba, alimaliza, na betri nayo ni kibaba.

Mjomba alikubali yote isipokuwa moja. Mimi nilikuwa nimependekeza kwamba wavuvi waungane, wafunge paneli za jua kwenye bandari ndogo ya samaki, wachaji betri za akiba mchana, wazibadilishane kama wanavyofanya Kigali. Jua tunalo jingi, na mzigo ungeondoka kwenye nyumba zote. Alinisikiliza kwa upole.

"Mwanangu, hilo ni zuri na mlisemee. Lakini kituo cha watu wote kinahitaji mlinzi, daftari na mwenyekiti, na sisi bado hatujakubaliana nani atunze ufunguo wa ghala la nyavu. Mimi nianze na waya huu wa dada yangu."

Sehemu ya kwanza ya fedha zake, basi, imekwenda kwa fundi wa waya. Amepeleka pia ombi la kuongezewa ampea, na jibu bado. Bajaji yenyewe itasafirishwa kupitia Mtwara baada ya Idi, Mungu akipenda. Mama ameshanunua mita ndogo, ameijaribu kwa friza yake mwenyewe, na amegundua kuwa friza hula karibu uniti mbili na nusu kwa siku, jambo ambalo hakuwahi kulijua katika miaka yote ya kuuza barafu. Wiki iliyopita alipandisha bei ya mfuko wa barafu. Mteja wa kwanza kulalamika alikuwa mjomba.